Mashine Iliyokubali Kushindwa

Jumatatu iliyopita niliamka Mbeya, nikafunga begi langu na kwenda stendi bila kujua ninakokwenda. Wasomaji wa safu hii mmeshanizoea: kuna watu wenye nyumba na kuna watu wenye begi. Nilikuwa nasoma vibao vya mabasi kama mtu anayechagua chakula mgahawani, simu ikaita. Alikuwa bosi wangu wa zamani wa Iringa, dada mwenye asili ya Kihindi ambaye familia yake ina duka la vifaa vya maji na ujenzi tangu enzi za babu yake. Hakunisalimia. Dada yule husalimia hata watu waliokuja kumdai, kwa hiyo nilijua kuna jambo. "Mjomba ametutoka," alisema. "Tumemzika jana Kalenga. Nimekutafuta siku mbili, ulikuwa wapi?" Nilikuwa milimani upande wa Tukuyu, mahali pasipo na mtandao, namtazama mtu anavyowahamisha nyuki mzinga. Ni sababu ya kweli lakini haisemeki msibani. Nikapanda basi la Iringa.

Huyo Mjomba hakuwa mjomba wake wa damu. Alikuwa Mhehe wa Kalenga, muuzaji wa kaunta, aliyeajiriwa na baba yake dada kabla dada mwenyewe hajazaliwa. Mimi niliingia pale kupakua saruji siku moja tu, nikakaa miezi minane, muda ambao kwa maisha yangu ni ndoa. Kilichonishika ni ile kaunta. Niliacha shule kidato cha pili, na hapo nilikuta chuo ambacho mitihani yake huja imefungwa kwenye gazeti. Mteja anaingia, anafungua gazeti, ndani mna kipande cha chuma kilichovunjika. Hajui jina lake. Mwingine hana hata kipande, ana maelezo tu: "Naomba kile kinachokaa kwenye kile kingine, kikilegea maji yanalia." Mzee anafumba macho kidogo, ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, anakiweka mezani. Siku moja aliingia bwana mmoja akasema, "Nipe kama ile niliyochukua mwaka juzi." Mzee akamuuliza, "Ile ya kwako au ile ya shemeji yako?" Wakaelewana. Niliuliza walikuwa wanazungumzia nini, nikaambiwa nikapakue saruji.

Dada alipochukua uongozi wa duka alitaka tuuze kwenye mtandao. Wateja wake wapya walikuwa mbali, Mafinga, Makambako, Mbarali, na wote walikuwa na simu. Tovuti ikatengenezwa, picha zikapigwa, mimi nikipandishwa cheo kutoka saruji hadi kushika kitambaa cheupe nyuma ya koki. Kikabaki kitu kimoja: programu ya kutafuta, ile inayokaa kwenye kisanduku mteja anapoandika anachotaka. Dada hakuficha jambo. Alimwita mzee mbele yetu akamwambia, "Mjomba, nikupe ukweli. Hii programu ikiweza kujua watu wanataka nini, kaunta ya upande wako tutaifunga, tuweke stoo ya mizigo ya mtandaoni. Na wewe utakwenda kupumzika." Mzee akajibu, "Kupumzika ni kazi ya mgonjwa, mwanangu." Ndipo dada akamfanya mmoja wa waamuzi wa programu. Nilifikiri ni heshima. Baadaye nilielewa kuwa alikuwa amemwambia mtu achague mwenyewe panga la kulikatia tawi alilokalia.

Programu zilizobaki kwenye kinyang'anyiro zilikuwa mbili. Ya kwanza ililetwa na mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye viatu vilivyochongoka kiasi kwamba mguu wake ulifika dukani kabla yake. Sifa kuu ya programu yake ilikuwa moja: haisemi hakuna. Mteja aandike chochote, lazima apewe kitu. Ya pili dada aliiona mwenyewe mtandaoni akaomba kuijaribu. Haikuwa na madoido. Isipojua, inasema haijui, kisha inayaweka maneno ya mteja kwenye orodha ya maswali yaliyoishinda. Tukakubaliana kila moja ikae kwenye tovuti wiki mbili, wateja halisi waitumie, kisha tuamue.

Wiki ya kwanza ya ile ya Dar ilitufundisha jambo ambalo mtaalamu hakulifikiria. Watu wa huku kwetu hawaombi kitu kabla ya kusalimia. Kisanduku kimeandikwa "Tafuta", lakini kwao ni mlango wa duka, na mlangoni mtu hupiga hodi. Wakaandika, "Kamwene. Habari za hapo. Poleni na kazi. Naulizia mabomba ya inchi mbili." Programu, ambayo haisemi hakuna, ikalishika neno kazi na kuwaletea buti za kazi, glavu za kazi na ovaroli. Mama mmoja aliandika, "Bwana asifiwe, mna matangi?" akaonyeshwa feni. Mpaka leo sijui feni iliingiaje. Mtaalamu akasema wateja waelimishwe. Mzee akamtazama kwa upole wa mtu anayemwona kondoo akielekea barabarani. "Waelimishwe wasisalimie?" aliuliza. "Hiyo elimu utaitoa wewe, mimi nina wajukuu."

Lazima nikiri kwamba mzee alikuwa anafurahi. Kila kosa la ile programu lilikuwa msumari mmoja zaidi wa kukikaza kiti chake. Alianza hata kuichokoza. Wateja wakipungua alikuwa ananiita, "Msafiri, njoo uiandikie mashine yako," nami naandika anavyosema: "Nataka ile ya baba paroko." Ikaleta mapazia. Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu si kila siku unaona mtu anatetea ugali wake kwa kuiuliza kompyuta habari za paroko.

Kisha akaja mkulima wa Madibira. Shamba lake la mpunga liko nje kidogo ya mfereji mkuu, kwa hiyo huvuta maji ya mto kwa pampu. Alikuwa ameandika kwenye tovuti, baada ya salamu, kwamba pampu inavuta vizuri lakini akiizima maji yote yaliyo kwenye bomba yanarudi mtoni, na kuiwasha tena ni kazi ya asubuhi nzima. Programu ikamwonyesha pampu mpya sita. Yeye akadhani duka limemjibu. Akauza mbuzi wawili, akapitia Mafinga, akafika Iringa kununua pampu huku miche yake ikikauka nyuma. Mzee alimsikiliza, akanyoosha mkono, akamwekea mezani valvu ndogo inayokaa mwisho wa bomba, kule mtoni, kuzuia maji yasirudi. Ukubwa wake ni wa ngumi ya mtoto.

Mkulima aliigeuzageuza. "Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona mliniambia pampu mpya?"

"Nani alikuambia?"

"Wewe, mzee. Niliuliza duka lenu, mkanijibu."

Mtaalamu wa Dar alikuwa amekaa pale na kompyuta yake. Alisema, "Lakini mteja amekuja dukani, hayo ni mafanikio." Mkulima akamuuliza dada kijana yule ni nani na kwa nini hajapewa kazi ya kubeba. Tulicheka wote isipokuwa mzee. Alimfungia mkulima valvu yake kwenye gazeti taratibu kuliko kawaida, akamwelekeza namna ya kuifunga, akamsindikiza mpaka nje. Ushindi alikuwa nao mkononi. Angesema tu, "Mmeona wenyewe," na kiti kingebaki chake. Badala yake, aliporudi, alikaa karibu nami akaniambia, "Msafiri, yule mtu anasema mimi ndiye niliyemjibu."

Alasiri hiyo alimwuliza mtaalamu swali moja. "Programu yako ikishindwa, inafanya nini?" Kijana akajibu kwa fahari kwamba haishindwi. Mzee akasema, "Hata mganga mzuri kuna siku anakuambia hili limenizidi, nenda hospitali. Asiyesema hivyo ni wa kumkimbia." Kisha akaomba aonyeshwe ile orodha ya programu ya pili, ya maswali yaliyoishinda. Haikuwa imeanza zamu yake, lakini sisi wenyewe tulikuwa tumeijaribu, na mistari ilikuwepo: kile kinacholia, kile cha shingo ya tangi, dawa ya bomba linalotoa jasho. Mzee alisoma kwa kidole, akijibu mstari mmoja mmoja kwa sauti. Alipofika mwisho akamwambia dada, "Chukua hii. Hii inafundishika." Dada akamkumbusha, kwa sauti ya chini, maana yake ni nini. "Najua," alisema. "Usinielezee mara mbili, nitabadili mawazo."

Wiki tatu nilikaa naye nikiandika. Kila kifaa dukani alikitajia majina yote ambayo watu hukiita, Wahehe, Wabena na Wasangu, na ugonjwa wote ambao mtu huueleza kabla ya kukihitaji. Alisisitiza programu ifundishwe kuziruka salamu bila kuzifuta, na juu ya majibu iandikwe "Salama, karibu." Dada akacheka, lakini ikawekwa. Mwezi uliofuata kaunta ilifungwa na mzee akarudi Kalenga. Mimi nami nikaondoka, kwa sababu hapakuwa tena na mtihani wa kwenye gazeti. Nilisikia kwamba kila Ijumaa orodha ya yaliyoshindikana ilikuwa ikichapwa na kutumwa kwake, naye akiirudisha imejaa wino pembeni. Dada alinisomea moja kwa simu. Mteja alikuwa ameandika, "Leteni kama ya siku ile." Mzee akajibu pembeni: "Huyu ni yule wa nyanya wa Ilula, mpelekeeni mpira wa mita hamsini, na mmwambie asiuanike juani."

Sikuwahi kufika Kalenga, pamoja na kupita Iringa mara zisizohesabika. Nilifika Jumatatu ile kabla jua halijazama, nikakuta waombolezaji wamekaa kwenye mikeka, dada miongoni mwao, viatu amevivua. Nilitoa pole yangu ya kuchelewa. Mjane alinipokea vizuri, kisha akamgeukia dada mbele ya watu: "Karatasi ya maswali ya Ijumaa iko wapi?" Dada akasema hakuileta, kwa sababu ya msiba, na kwamba walidhani kazi ile imekwisha. Mjane akamtazama. "Kwani mlifikiri nani alikuwa anajibu ya majiko, ndoo na masinki? Mzee wangu hakuwahi kuchemsha hata chai. Kalete karatasi. Watu wameuliza, wanasubiri."

Nimekutana na watu wengi katika kuzunguka kwangu, na wengi wanaosifika kwa kujua ni kama ile programu ya Dar: ukiwauliza lolote hukosi jibu, unakosa tu ulichokuja kutafuta. Mzee yule alijua kuliko wote na bado alikubali kukabidhi kiti chake kwa mashine, kwa sharti moja, kwamba iwe na mahali pa kuandika kilichoishinda na awepo mtu wa kusoma. Mwenye duka anayechagua programu leo, na kijana anayechagua mwalimu, na kijiji kinachochagua kiongozi, wasiulize anayechaguliwa anajua nini. Waombe kuiona hiyo orodha. Asiye nayo, waagane naye vizuri.

Mjane aliniuliza nitalala wapi. Nikasema sijui. Akasema hilo ni swali jepesi, akanionyesha chumba cha uani chenye kitanda cha kamba na dirisha linalotazama mahindi. Nikaweka begi chini.