Ng'ombe Ambao Hakuna Aliyetaka Kuwatoa

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, Mwalimu Dorah hukaa kwenye meza yake katika ofisi ya walimu na kucheza mchezo mmoja peke yake, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Walimu wenzake pale sekondari ya Nyakato walishazoea. Wakipita humuuliza nani anaongoza, naye hujibu bila kuinua uso kwamba ni wa kushoto, maana wa kulia una haraka.

Michezo yenyewe haijanunuliwa dukani. Imebuniwa na wanafunzi wake wa kidato cha kwanza na cha pili, kwenye maboksi ya sabuni yaliyokatwa, kwa dadu za udongo na mbegu za kila namna. Klabu yao ya kubuni michezo ilianza na watoto watano. Siku hizi, Jumatatu mchana, wengine huchezea barazani kwa kukosa nafasi ndani.

Dorah ni mzaliwa wa Mwitongo, Butiama, binti wa mfugaji, aliyerudi Mara na shahada ya ualimu na mabegi mawili ya vitabu. Mwaka wa kwanza wa klabu alifanya kosa ambalo hata leo likimjia hufumba macho. Mvulana mmoja, Lameck, alibuni mchezo wa wavuvi wa dagaa uliojaa kasoro. Dorah akaubeba nyumbani, akaurekebisha wote, akaurudisha unang'aa. Kila mtu akausifu. Lameck akasema, "Asante, Madam," akautia kabatini, hakuugusa tena. Tangu siku hiyo Dorah akajiwekea sheria: mchezo hurekebishwa na mwenyewe. Kazi yake yeye ni kutafuta wachezaji, kuhakikisha wanasema kweli, na kufunga mdomo.

Mwaka huu kufunga mdomo kulimtesa kweli, na aliyemtesa ni Boke.

Boke wa kidato cha pili alibuni mchezo wa familia zinazohama na ng'ombe wakati wa kiangazi, kutoka Buswahili mpaka ufukweni mwa ziwa. Wachezaji ni wanne na kila mmoja ana ng'ombe sita: wa huyu ni maharage, wa yule mahindi, wa tatu choroko, wa nne njugu mawe. Njiani kuna vizuizi vitano. Kupita kizuizi unatoa ng'ombe mmoja. Usipotaka kutoa, unasubiri zamu nyingine. Wa kwanza kufika ziwani ndiye mshindi.

Shule ingepeleka mchezo mmoja tu kwenye maonesho ya wanafunzi Bunda, Jumamosi. Sharti lilikuwa wageni waucheze mpaka mwisho ndani ya nusu saa, bila mbunifu kusema neno. Boke alitaka uwe wake. Mwakani angeingia kidato cha tatu, na klabu haichukui kidato cha tatu.

Jumatatu wakaujaribu. Kwa desturi ya klabu, mbunifu huikalia mikono yake wenzake wakicheza, asije akaonyesha kwa kidole. Zikapita dakika hamsini. Hakuna aliyevuka hata kizuizi cha kwanza. Wote wanne walikuwa wanasubiri zamu, wamestarehe, ng'ombe wao wamepangwa vizuri.

"Magige, mbona hupiti?" Dorah akamuuliza mmoja wao.

"Nipite niende wapi, Madam? Ng'ombe zangu zote zipo."

Walipoandika maoni, wote waliandika neno moja: mzuri. Dorah akawarudishia karatasi. "Mzuri haijengi kitu. Andika ulifika wapi, ukafanya nini, na kwa nini."

Boke akaurekebisha usiku ule ule: sasa kila raundi mmoja huvuta kadi, na kadi ya ugonjwa inaua ng'ombe wawili bomani kwa aliyeivuta. Aliona watu wakiogopa watahama wenyewe. Jumatano mkuu wa shule, Mwalimu Stanslaus, akawapeleka kwenye shule moja ya Butiama ili wageni waujaribu. Haukufika robo saa. Msichana aitwaye Happyness alivuta kadi ya ugonjwa, akakusanya njugu mawe zake zilizobaki, akafunga kiganja.

"Umeniulia ng'ombe wawili nimekaa tu. Mimi sichezi."

"Hata mimi," akasema jirani yake. "Huu ni msiba, si mchezo."

Mwalimu Stanslaus akamvuta Dorah pembeni. "Mwalimu, Jumamosi si mbali. Mwambie tu mtoto cha kufanya."

Na Dorah alikuwa nalo la kumwambia! Lilikuwa limemkaa kichwani tangu Jumatatu, na sasa ulimi ulimuwasha. Boke akaja, macho mekundu. "Madam, nisaidie."

Dorah akampa karatasi ya Happyness. "Soma. Kisha kamuulize mwenyewe, yuko pale kwenye tangi la maji."

Karatasi ilisema: *Nilifika kizuizi cha kwanza nikasubiri. Ng'ombe nikimtoa harudi.*

Kutoka dirishani Dorah aliwasikia wote wawili.

"Kwani kwenu hamtoagi ng'ombe?" Boke akauliza.

"Tunatoaga. Baba ana rafiki yake, amempelekea wawili. Anawafuga kule kwake, maziwa anakunywa, ndama wanagawana. Ugonjwa ukiingia kwetu, wale wamepona."

"Si umesema mnatoa?"

"Ni wetu bado. Wamelala kwa watu tu."

Boke akatimua mbio, nusura amgonge mkuu wa shule mlangoni. "Madam! Kupita kizuizi si kumtoa, ni kumlaza kwa mwenzako! Ugonjwa ubaki, lakini unaua bomani kwako tu, aliyelala kwa mtu anapona. Na mbegu zangu ni tofauti, choroko ikilala kwenye mahindi kila mtu anajua ya nani!"

Dorah alitaka kuruka. Badala yake akasema, "Andika, usije ukasahau."

Alhamisi wakaucheza hadi mwisho kwa dakika arobaini na moja. Magige aliandika: nilipofika kizuizi cha nne nilianza kuangalia nje. Boke akafuta vizuizi viwili. Ijumaa ukaisha kwa dakika ishirini na nne, na Mwalimu Stanslaus akaandika jina la mchezo kwenye fomu.

Bunda, wageni wanne walikaa mezani, Boke akaikalia mikono, na Dorah nyuma yake akajikuta ameikalia yake pia. Mvulana aitwaye Shija akafika kizuizi cha kwanza akagoma. Zamu moja. Zamu mbili. Dakika ya tisa. Akavuta kadi: ugonjwa. Choroko mbili zikaondoka. Shija akazitazama nne zilizobaki, akaokota moja, akaisukuma bomani kwa jirani yake.

"Nitunzie. Na maziwa usinywe peke yako."

"Maziwa ni ya anayemfuga. Kwani sheria hujasoma?"

"Basi usimchinje, nakujua wewe."

Meza nzima ikacheka, na kutoka hapo ng'ombe wakaanza kulala kwa watu pande zote. Shija alifika ziwani wa kwanza, dakika ya ishirini na sita, akiwa na choroko moja tu mkononi na tatu ugenini. Kabla msimamizi wa maonesho hajaandika, wale wanne walikuwa wanarudisha mbegu zao kuanza upya.

Jioni, walipokuwa wanakunja boksi, Boke akauliza alichokuwa hajathubutu wiki nzima.

"Madam, wewe dawa yake ulikuwa unaijua tangu Jumatatu?"

"Nilidhani naijua," akasema Dorah. "Nilitaka uhesabu zamu ishirini, halafu mwenye ng'ombe wengi ashinde. Ungenisikiliza, wasingetoa hata mmoja."