Kidole cha Mama Kwenye Mwanga wa Leza

Baba alikuwa na studio ya picha za pasipoti kule Ngara, na alinifundisha sheria moja: picha ikiwa na giza, fungua lenzi. Niliishi na sheria hiyo hadi siku nilipompiga mama picha ya mguu.

Kisukari kilikuwa kimeanza kumla kidole gumba cha mguu wa kushoto. Daktari wa kliniki ninayofanyia kazi, hapa Hurlingham, alitaka kujua kama damu bado inakifikia. Kama haifiki, kingekatwa Jumatatu. Mtambo wa kupimia huuendesha mimi. Leza ikimulika ngozi, kamera huona chembechembe za mwanga, kama chumvi iliyomwagika mezani. Palipotulia, chembe hubaki wazi. Damu inapopita, chembe huvurugika. Kompyuta hupima tofauti hiyo na kupaka mvurugiko rangi nyekundu na utulivu rangi ya buluu.

Picha ilikuwa na giza. Nikafungua lenzi, na mguu mzima ukawaka wekundu. Nilifurahi kama mwehu. Mama alikuwa amevua patipati yake ya mpira na kuiacha kando ya mguu. Akainama kutazama skrini.

"Sasa hata patipati yangu iko na damu?"

Niliona aibu. Lenzi ikifunguliwa sana, chembe za mwanga huwa ndogo kuliko vijisehemu vya kamera vinavyozipokea. Nyingi hujazana katika kimoja na kuchanganyika, na hata kitu kisicho na uhai huonekana kama kina damu inayopita. Ilibaki kidogo tu nimdanganye daktari.

Nikabana lenzi, nikasogeza leza karibu. Patipati ikawa buluu. Kidole nacho kilikuwa buluu ukuchani, lakini buluu ile ilikoma katikati. Chini yake palikuwa na wekundu mwembamba, ukizidi na kupungua, ukizidi na kupungua. Ulikuwa moyo wa mama. Hesabu za mapigo kama hayo nimezisoma miaka mingi, lakini sikuwa nimewahi kustaajabu vile.

"Tungoje," daktari akasema nilipomwita aione picha. "Jumatatu hatukati."

Mama akaniomba nisizime. Akakichezesha kidole, nacho kikawaka chote hadi ukuchani. Kitaalamu hilo ni kosa: ngozi ikisogea, kompyuta hudhani ni damu.

"Si unaona iko sawa," akaniambia.

Nilijua si kweli, na nikamwacha aendelee kukichezesha.