Mkono Unaotetemeka Haujalewa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, nilisimama mstarini mlangoni nikanyoosha mikono yote miwili. Ndiyo ilikuwa desturi. Msimamizi wa usafi, mama mnene mwenye sauti ndogo, alikagua kucha na vidonda. "Hapa mikono ndiyo cheti chako," aliniambia. "Vingine kaonyeshe kanisani."

Nilianza kwa kuchuna ngozi. Baada ya miaka nikapewa kisu cha minofu, kile chembamba kinachotelezea juu ya mfupa. Ukiacha nyama mfupani ni hasara. Ukichimba sana, miiba inabaki kwenye mnofu na mzigo unakataliwa. Wenye kisu tulilipwa posho juu ya mshahara, na kwa posho hiyo nilisomesha watoto.

Ulipobaki mwaka mmoja nistaafu, vidole vilianza kutetemeka. Nilikula vizuri na bado magauni yalilegea. Moyo ulikimbia nikiwa nimekaa, na ndani ya chumba kile cha baridi nilitoka jasho. Asubuhi moja msimamizi wa zamu, kijana aliyeletwa kutoka ofisini, akaitazama mikono yangu mlangoni.

"Shikamoo mama. Jana ilikuwa gongo au bia?"

"Marahaba. Mimi Msabato, baba. Hata chai ya rangi sinywi."

"Basi ni ule ugonjwa mwingine. Umekonda mno."

Mstari ukacheka. Nyamizi, jirani yangu wa mezani, akasema, "Msimamizi, si umnuse tu? Pua unayo."

Hakuninusa. Alininyang'anya kisu, akanipa beleshi nikazoe barafu. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile damu inachemka. Desturi iliyowekwa kulinda samaki iligeuzwa kuwa mahakama ya watu, na hakimu hakuuliza swali hata moja la maana.

Daktari niliyemwendea wiki ile aliuliza. Alinipapasa shingo, akakuta uvimbe mdogo, akaagiza kipimo cha damu. Majibu yalipotoka akanieleza: tezi ya shingo hutengeneza homoni zinazoendesha kasi ya mwili, nayo hupokea amri kutoka kwenye ubongo. Kwangu homoni zenyewe zilikuwa karibu na kawaida, ila amri ilikuwa imeshuka sana, ubongo ukijaribu kuituliza tezi, dalili kwamba tezi inazidisha kazi kidogo.

"Unatumia dawa gani ya kienyeji, mama?"

Nikamtajia unga wa mwani ninaonunua soko la Mirongo. Mama yangu, mtu wa Nansio kule Ukerewe, alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo, na shuleni tulifundishwa kwamba madini joto huzuia rovu. Mwani unayo tele, nikaona nikiyaongeza nitakuwa salama zaidi.

"Kwenye chumvi unayapata ya kutosha," akasema. "Tezi yenye uvimbe wa zamani ukiilisha kupita kiasi, inakurupuka."

Niliacha unga. Alinipa vidonge vya kutuliza mapigo ya moyo, akanionya nisimeze dawa za tezi za mtu mwingine, na akaniambia nirudie kipimo baada ya miezi mitatu. Kama tezi ingekataa kutulia, angeanza dawa ya tezi yenyewe, kwa sababu katika umri wetu hata hali ndogo ikiachwa inaweza kuvuruga moyo na kulegeza mifupa. Yangu ilitulia.

Nikapeleka majibu ya kipimo cha pili kwa msimamizi wa zamu. Hakuyashika.

"Mama, sisi hatusomi damu. Tunasoma mikono."

Nikainyoosha mbele yake. Haikutikisika.

"Nafasi imeshajazwa," akasema.

Nilistaafu nikiwa na beleshi. Ninyi mlioshika visu sasa, mkimwona mwenzenu anatetemeka na kukonda, msicheke; mpelekeni akapimwe. Kipimo changu kilikuwa shilingi elfu thelathini. Posho ya kisu niliyonyimwa hadi siku ya kuaga ilifika laki nne na elfu ishirini.