Jeep ya marehemu bwana yangu, motere ya mashini ya mupunga, na safari ya kumuchukua yaya Wamaza

Wakuu wa uzi huu wa magari, salama kwenu wote. Mimi koko wa Kasongo, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, masomo niliachia darasa la pili. Naandika na kidole kimoja, kwa hiyo musinihesabie makosa. Lakini uongo hapana. Mwenye kubisha akuje aguse kapo ya gari, kile kifuniko cha motere, ingali moto.

Nimesoma hapa wanaume wakijisifu, huyu ametia motere ya hii ndani ya ile. Sawa. Mujukuu wangu Feza, mutoto mwanamuke, ametia motere ya mashini ya kukoboa mupunga ndani ya jeep. Na ikatembea. Vuteni viti.

Jeep yenyewe ilikuwa ya marehemu bwana yangu. Motere yake ilipasuka zamani, mufua chuma akaibeba, mupaka leo anapigia majembe juu yake.

Iliyobaki ililala nyuma ya nyumba, chini ya muti ya avoka, miaka zaidi ya makumi mawili. Mabua ya maboga yaliingia kwa sakafu yakatokea kwa dirisha. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva.

Mimi nilikuwa napangusa kioo yake kila Ijumaa. Watu walinicheka. Wakati mwingine nilikuwa naingia ndani na karanga zangu, natazama mbele, na ukungu wa asubuhi unapita juu ya kapo kama barabara inatembea yenyewe. Nimefika Kabambare mara nyingi namna hiyo, na karanga hazijaisha.

Sasa sababu.

Niko na yaya yangu mumoja tu, dada yangu mukubwa Aziza, tumbo moja, mama moja. Alikuwa Wamaza, kwenye barabara ya Kabambare, ndani ya nyumba ya baba yetu, peke yake. Alianguka shambani, kiuno kikaungana vibaya. Pikipiki hawezi, miguu haifunguki. Malori yaliacha kupita kule tangu madaraja ya magogo yalegee.

Watoto wa wajomba walitaka kumubeba kwa kipoi, kile kiti cha kubebwa mabegani na watu wane. Alikataa. Alituma neno: “Mimi si maiti, na mimi si muzungu wa zamani.”

Kisha mutu wa pikipiki akaniletea neno lingine. “Yaya yako anauliza kama ungali hai.”

Wakuu, hiyo iliniingia kama mwiba wa samaki. Sisi wawili tulikua tukitwanga kwenye kinu kimoja. Nikasema sitazikwa na sitamuzika bila kulala naye tena nyumba moja.

Nikamuita Feza. Alijifunza umekanika Kindu, anavaa surwali yenye mafuta, wanaume wanamuletea pikipiki zao wakijificha. Nikamuonyesha jeep. Akazunguka, akapiga teke magurudumu, akalala chini, akatoka na mayai mawili mukononi.

“Koko, bwati ya vitesi, yenye magia, iko muzima. Freni za kusimamisha nitatengeneza. Lakini motere hakuna, na motere ya gari kufika hapa, utangojea mupaka meno ya mwisho ianguke.”

Nikamwambia motere iko. Akauliza wapi. Nikamuonyesha na mudomo: pale chini ya mabati, mashini yangu ya mupunga.

Akageuka kuitazama, kisha mimi. Ile mashini njo ilikuwa inatulisha. Ni motere ya mazuti, ile dizeli, ya silinda moja, unaiamusha na manivele, chuma cha kuzungusha kwa mukono, maji yake yanachemka juu wazi kama sufuria. Ina sauti moja: tu, tu, tu, mutaa muzima unaijua.

Shemeji Salumu, ndugu wa marehemu, alikuja kunionya. Alisema nikipoteza mashini kwa ajili ya mabati yenye kutu, nisiende kuomba muchele kwake. Nikamwambia sijawahi kuomba kwake hata chumvi.

Feza alifanya kazi mwezi muzima na zaidi. Aliunga vyuma kwenye shasi, akakalisha motere pale mbele. Haishikani na bwati ya vitesi moja kwa moja: kurua, ile mikanda ya mashini, njo inabeba nguvu na kuizungusha. Mimi nilishika taa, nilishika funguo, nilishika mudomo wangu pia, kazi ngumu kuliko zote.

Ijumaa moja baada ya sala, watu wakajaa kutazama. Feza akazungusha manivele. Tu. Tu. Tu, tu, tu. Majani ya avoka yakaanza kutetemeka, na mimi nikaona kabisa barabara ya Kabambare ikifunguka mbele ya kioo.

Feza akaingia, akatia vitesi ya kwanza.

Gari ikarudi nyuma.

Ikarudi nyuma polepole, na heshima yote, ikaingia ndani ya jiko langu, ikaangusha ukuta wa udongo, ikakaa juu ya mafiga kama sufuria.

Akajaribu ya pili. Ikataka kurudi zaidi. Vitesi zote za kwenda mbele zilikuwa za nyuma, na ile moja ya nyuma njo ilikuwa inaenda mbele.

Watu walicheka mupaka kukaa chini. Salumu akasema basi tutafika Wamaza kwa kisogo. Wengine hawakucheka. Walianza kunong'ona kwamba marehemu anavuta gari yake, hataki iguswe. Salumu naye akashika hayo mara moja, akataka tusome dua na tuirudishe chini ya avoka.

Nikamujibu mbele ya wote: “Bwana yangu hakunizuia safari hata moja akiwa hai. Leo njo atajifunza?”

Lakini kusema kweli, wakuu, usiku ule roho yangu ilikuwa nzito. Ukuta unajengwa. Yaya hajengwi.

Feza hakula vizuri siku mbili. Alikaa kwenye ile nafasi ya mashini chini ya mabati, anatazama alama ya mafuta pale motere ilikuwa inakaa. Siku ya tatu akaniita. Akashika kidole chake, akakizungusha, kisha akahamia upande mwingine wangu akizungusha kidole kilekile.

“Koko, motere haina kosa. Chini ya mabati ilikuwa inaangalia upande wa muto. Nimeiweka ndani ya gari vilevile inaangalia muto, basi bwati ya vitesi inazungushwa kwa nyuma. Mimi njo niliikalisha kinyume.”

Basi. Aliigeuza, mbele ya motere ikawa nyuma. Siku ile ilipoamuka, jeep ikatoka ndani ya jiko langu ikaenda mbele, bila dua ya mutu.

Tukaondoka asubuhi, Feza na mimi, na mabidon ya maji nyuma.

Kwa mwendo, mutu wa baiskeli alitupita akatusalimia, akasimama kunywa maji, akatupita tena. Lakini mimi sikutaka haraka. Majani marefu yaliinama pande zote mbili. Mvuke wa maji ya motere ulipanda mbele yetu, jua likaingia ndani yake, nikaona nchi yote kupitia mvuke ule, vijiji, mashamba ya mupunga, watoto wakikimbia bila sauti kama kwenye ndoto. Kila kijito Feza alisimama kuongeza maji.

Kwenye barière, kizuizi cha njia, mulinzi aliomba karatasi za gari. Feza akamwambia hii ni mashini ya mupunga inatembea. Akaomba karatasi za mashini. Feza akamwambia, papa, mashini gani inakuwa na volanti ya kuongozea? Yule alifikiri, akafungua.

Sasa sikieni jambo ambalo hatukulifikiria hata mumoja wetu.

Kijiji cha kwanza tulichokaribia, wanawake walikuwa wamesimama pembeni ya njia, kila mumoja na beseni ya mupunga kichwani. Cha pili vilevile. Cha tatu walikuwa wamepanga mustari kabisa. Walisikia tu, tu, tu toka mbali, wakadhani mashini imekuja kukoboa, kumbe ile sehemu ya kukobolea tuliiacha nyumbani.

Mama mumoja alitazama motere, akatazama magurudumu, akaniuliza: “Mama, umepandisha mashini juu ya gari, ao gari juu ya mashini?” Tukacheka wote mupaka mupunga ukamwagika.

Tulilala njiani kwa watu wema. Kesho yake, jua likiwa limeinama kidogo, tukaingia Wamaza.

Yaya alikuwa ameketi mulangoni juu ya kiti cha muti, mudogo kuliko nilivyomuacha. Na mbele ya miguu yake, beseni ya mupunga.

Alitazama jeep muda mrefu. Kisha mimi.

“Nilisikia mashini,” akasema. “Nikasema, imefika Wamaza kabla sijakufa. Nikajikokota nikatoa mupunga. Kumbe ni wewe.”

Nilitaka kusema mengi niliyobeba. Nikasema tu: “Panda, yaya.”

“Inarukaruka kama pikipiki?”

“Hairuki. Inatwanga.”

Alikubali kubebwa mupaka kwenye kiti, na beseni yake akaiweka magotini, hakutaka mutu aishike. Tulipoondoka alifunga macho. Nikaogopa ni kiuno. Kisha nikaona mukono wake unapiga juu ya ukingo wa beseni, katikati ya tu na tu, pale penye nafasi. Kama zamani, michi miwili ndani ya kinu kimoja: mumoja unashuka, mwingine unapanda.

Nikanyoosha mukono nipige pia.

Akasema bila kufungua macho: “Ngojea zamu yako.”

Sasa yuko hapa, anagombana na kuku wangu. Feza anahamisha kurua: siku za kazi motere inakoboa, siku za safari inavuta. Beseni ya yaya njo tulikoboa kwanza. Tulikula wote, hata Salumu, akapakua mara mbili.

Nimejifunza hivi: kitu kikirudi nyuma, musikimbilie kusingizia marehemu. Angalieni kwanza namna mulivyokikalisha.

Wakuu munaojua, niambieni: nani hapa amewahi kutia radiateri, rejeta ya kupoza maji, kwenye motere ya maji wazi? Milimani inachemka sana. Na mwenye kucheka acheke, ila aseme pia gari yake imemubeba nani.

Feza anataka kutengeneza na egzozi, bomba la moshi, sauti ipungue. Yaya amekataa. Anasema motere ya kunyamaza ni ya watu wasio na mutu anayewasikilizia wakikuja.