Sura Iliyobaki Mikumi

Katika maktaba yetu ya Kilosa, wasomaji hukutana Jumamosi alasiri kuzungumzia kitabu kimoja ambacho wote wamekisoma kwa kupokezana, kwa kuwa nakala huwa ni moja tu. Mkubwa kwa umri ndiye huanza kutoa maoni, kisha tunashuka hadi kwa wanafunzi. Utaratibu huo hakuna aliyeupanga. Ulizaliwa na salamu: wadogo wakishaamkia na wakubwa kuitikia marahaba, mzee huwa tayari ameshaanza kuzungumza.

Mimi ndiye ninayeongoza mazungumzo hayo, na kwa muda mrefu nilijiuliza kwa nini maoni yetu yalifanana mno. Msichana wa shule na mzee mwenye wajukuu waliwezaje kuvutiwa na ukurasa uleule, kwa sababu ileile?

Jumamosi ninayoikumbuka, tulikuwa tumesoma riwaya inayomhusu mjane anayeshinikizwa na wanawe auze shamba. Nakala yetu ilikuwa imechakaa hadi ikatiwa jalada jipya gumu. Iliishia mjane akiwa amesimama kwenye mpaka wa shamba lake, mahindi yameanza kubeba, mnunuzi anamsubiri. Mjane hasemi neno.

Alianza mwalimu mstaafu, mzee wa huko milimani. "Hapa ndipo penye ufundi," alisema, akigonga jalada kwa kidole. "Mwandishi ametuachia swali. Mwandishi wa kawaida angetumalizia."

Aliyefuata kwa umri ni bibi mmoja wa Chanzuru, ambaye hupenda kusisitiza kwamba mwalimu amemzidi masika machache tu. Macho yake yamepungua nguvu, hivyo husomewa vitabu na mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu.

"Swali ninalo nyumbani, Mwalimu. Sikuja hapa kukopa jingine," alisema. "Wanangu wanataka niuze shamba. Tangu reli mpya ipite, watu wanakuja na futi kamba hata sijaamka vizuri. Nilitaka kujua mwenzangu huyu alifanyaje."

"Mtani, ninyi watu wa bondeni mnataka kila kitu kipikwe hadi kiive."

"Na ninyi wa milimani mnakila kibichi, mkishavimbiwa mnaita ufundi!"

Tulicheka, lakini bibi hakucheka. Waliobaki wote walikubaliana na mwalimu. Nami nikaongeza maneno yangu ya chuoni kuhusu uzuri wa ukimya, na nikaona nimesema vyema. Mjukuu, zamu yake ilipofika, alisema tu kwamba hana la kuongeza.

Watu walipokuwa wakitoka, alinifuata kwenye rafu. "Shikamoo mama," alisema, ingawa alikuwa ameshaniamkia. "Kile kitabu kina sura nyingine. Niliisoma likizo, Mikumi, kwa mama mdogo. Nakala yetu imekatika, na lile jalada jipya limeficha."

"Mbona hukusema?"

"Mwalimu alishasema ni ufundi. Ningesimamaje mbele ya watu nimwambie si ufundi, ni kurasa hazipo?"

"Na nyumbani? Bibi mbona hukumwambia?"

Alitazama viatu vyake. "Anauza, mama. Yule mjane anauza. Bibi akisikia hivyo, naye atauza."

Nilimwelewa, ila sikuweza kuliacha jambo hilo hapo. Mwanamke mzima aliuliza swali mbele yetu, nasi tukamjibu kwa sifa za kitabu ambacho hatukuwa tumekimaliza. Wiki hiyo nilikwenda Mikumi. Mama yake mdogo ana mgahawa kando ya barabara kuu, na kitabu kilikuwa juu ya kabati, nyuma ya chupa za chai. Niliisoma sura ile palepale, chai ikipoa, malori yakitikisa meza. Kweli mjane anauza. Anahamia mjini, na tunamwacha akikinga maji bombani. Niligundua kwamba hata mimi nilikuwa nimetamani asiuze. Nikakiazima kitabu, nikarudi nacho Kilosa.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wote tulivyokosea, kisha mjukuu akasoma sura ile kwa sauti. Alipomaliza, tuligeuka kumtazama mwalimu, kama kawaida yetu. Akakohoa kidogo, akaweka miwani sawa.

"Subiri, mtani," alisema bibi. "Wewe uliusifu mwisho ambao haupo. Leo aanze mdogo."

Msichana alisimama, mikono nyuma. "Mimi sijaupenda, bibi. Anauza ili ugomvi uishe tu. Hakuna aliyemuuliza anataka kuishi wapi."



"Na mahindi?" bibi aliuliza.

"Mahindi gani, bibi?"

"Si yalikuwa yamebeba? Alivuna kwanza?"

Msichana alirudisha kurasa, akapitisha kidole mstari kwa mstari. "Hakijasema."

"Hakijasema!" Bibi alitutazama mmoja mmoja, kana kwamba mjane yule ni jirani aliyetuaibisha sote. "Mtu anaacha mahindi shambani, halafu mwandishi anahangaika na bomba! Wanangu wakija nitawaambia, kabla ya mavuno sizungumzi na mtu."

Kisha akaomba kuazima kitabu. Mjukuu akampa kile cha Mikumi.

"Si hicho. Nipe cha maktaba."

"Lakini hicho hakina mwisho, bibi."

"Ndicho ninachotaka. Wanangu wakisome, kisha kila mmoja aje anieleze mama huyo alifanyaje. Hapo nitajua wanataka kunipeleka wapi."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. "Mtani, huo sasa ndio ufundi."

"Nyamaza wewe," alisema bibi, akikifunga kitabu kwenye khanga. Cha Mikumi alinikabidhi mimi, akaniagiza nikifiche hadi atakaponiambia.