Mkeka wa Karibu na Mlango

Kwenye jimu alikofundisha hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Mpira, na hata mumewe, fundi friji asiye na utani, alikuwa ameanza kumwita hivyo. Mgongo aliukunja kama hana mifupa. Alisimama kwa mkono mmoja huku anawaambia wateja wavute pumzi, na saa yake ikiisha hajatoka hata tone la jasho. Wanawake waliokuja baada ya kazi, wakihema na kujipepea, walimtazama kwa wivu wakamuuliza anakula nini. Mpira alicheka tu. Ilikuwa miaka mingi hajui kuchoka ni nini, na alidhani hiyo ndiyo afya yenyewe.

Tuseme ukweli, yoga aliyofundisha Mpira ilikuwa ya kupunguza tumbo. Meneja wa jimu, mwanamume mwenye kifua kipana na vijiguu vyembamba, alikuwa amemwonya tangu siku ya kwanza. Wateja walimuuliza kama hiyo yoga ni ibada ya watu fulani, na kama mtu mwenye dini yake anaweza kuifanya bila kujitia matatani. Meneja akataka waambiwe ni kunyoosha viungo, basi. Mambo ya roho hakuyataka humo, kwa sababu alisema roho haivai raba wala haijazi ukumbi. Hata ule mkao wa mwisho, wa kulala chali ukiwa umetulia tuli, aliubadilisha jina. Wenyewe huuita kulala maiti. Meneja akasema hakuna mtu atakayetoka kazini aje kulala maiti, uitwe mapumziko.

Mpira hakubishana, kwa kuwa na yeye aliona hivyohivyo. Yoga yenyewe alikuwa amejifunza kwa Mwalimu, mpiga chapa mstaafu, mwanamke mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyefundisha kwenye chumba kimoja juu ya duka la matairi. Kule hakukuwa na kioo wala muziki. Harufu ya mpira mpya ilipanda kutoka chini ikakaa nanyi mpaka mwisho. Mwalimu alikuweka kwenye mkao mmoja mpaka ukamchukia, kisha akakuambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba sasa ndiyo umeanza.

Na alikuwa na sharti lake. Watu wakishalala maiti, hakuna kujiinua. Mwalimu mwenyewe alipita mkeka kwa mkeka, akainama, akamshika kila mtu vidole gumba vya miguu na kumwambia, "Rudi." Ndipo mtu alifumbua macho. Alisema ukimlaza mtu umemfungulia mlango, na usipomrudisha umemwacha nje. Anayelaza ndiye anayerudisha, mwingine hawezi. Wanafunzi waliitikia kwa adabu, halafu wakachekea chini kwenye ngazi. Mpira ndiye aliyecheka kuliko wote.

Siku yake ya mwisho kule alikuwa amelala kwenye mkeka wa karibu na mlango. Simu ikatetemeka chini ya paja. Alikuwa Meneja, anampa kazi. Mpira akainuka mwenyewe, akanyata, akachukua kandambili mkononi. Mwalimu alikuwa upande wa dirisha, ameinamia miguu ya mtu. Aliinua kichwa tu, akasema, "Bado sijakufikia."

Mpira alimpungia mkono akashuka. Hata mkeka wake aliuacha. Alinunua mwingine, mzuri zaidi, na hakurudi tena kwenye chumba kile.

Sasa, Mpira alikuwa na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Huyu ndiye aliyemlea Mpira baada ya mama yao kufariki, akamlipia shule kwa kushona mapazia ya watu. Alikuwa na mdomo, jamani. Mteja akileta kitambaa kibaya aliambiwa ni kibaya, na akitaka gauni lisilomfaa aliambiwa na hilo pia. Waliapa hawarudi, na wakarudi. Lakini kuinamia cherehani miaka yote hiyo kulikuwa kumemla mgongo, na Mpira alimbembeleza mpaka akakubali kuja jimu. Alikuja akilalamika. Alilalamikia suruali za kubana, muziki, na Meneja, akisema huyo amejengwa kuanzia juu na matofali yakaisha. Mkeka wake aliutandika kando ya ukuta wa kioo, ili asionekane na kila mtu.

Wateja wa Mpira, wakati wa mapumziko, hawakulala kweli. Mmoja alichungulia simu, mwingine aliwaza mboga za jioni, wa tatu alijitazama tumbo. Dada alilala kweli. Mtu aliyechoka maisha yake yote, ukimruhusu kulala, anakwenda moja kwa moja. Hilo Mpira hakulifikiria hata kidogo.

Jioni moja Meneja aliwasha taa na spika kabla ya muda, maana watu wa densi walikuwa wamejaa mlangoni. Mpira akapiga makofi. Haya, haya, tuamke. Wote wakaamka isipokuwa Dada. Mpira alimwendea akicheka, akamshika mkono, akamvuta. "Amka mama, hapa si kitandani." Dada akasimama. Alimtazama mdogo wake, akatazama mkeka, akasema, "Sawa."

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa sawa. Mgongo haukumuuma tena. Alishona asubuhi hadi jioni bila kunyoosha shingo, na mishono ikatoka imenyooka isivyo kawaida. Mteja akileta kitambaa kibaya, sawa. Akitaka mikono ya gauni ishonewe chini, sawa. Wateja walifurahi wakamwambia Mpira kwamba hayo mazoezi yamemtuliza dada yake, hata wao wanayahitaji. Mpira naye alijisifu kwa siku chache. Kisha alipita dukani kwa Dada akamkuta ameweka kidole kwenye pasi ya moto. Aliiweka pasi pembeni, akakitazama kidole kikivimba, akaendelea kupiga pasi kola.

Mpira alimshika mkono akamuuliza kama hasikii maumivu. Dada alifikiri kidogo, kwa upole, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani. "Sijui," alisema.

Kwenye ukumbi nako mambo hayakuwa mazuri. Pale kando ya kioo, mahali pa Dada, hakuna aliyetandika mkeka. Hakuna aliyekatazwa, watu walipaacha tu, hata ukumbi ukijaa. Mpira ndiye aliyefuta vioo kila mchana kabla ya darasa, na alianza kuona doa la ukungu chini kabisa, kwenye usawa ambao kichwa cha mtu aliyelala kingekuwa. Alilifuta. Akageuka kusuuza kitambaa, akatazama tena, likawa limerudi. Alichuchumaa kulitazama vizuri. Lilikuwa linakua kidogo, linafifia, linakua tena, polepole, kama kioo kinavyofanya mtu akipumua karibu nacho.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Mpira alikaa pale sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi, akiogopa kama mtoto. Aliijua pumzi ile. Alikuwa amelala kitanda kimoja na pumzi ile utoto wake wote.

Alitaka kumwambia mumewe, akashindwa pa kuanzia. Wiki hiyohiyo Meneja akatangaza kwamba kioo cha upande ule kitang'olewa, na nafasi yote ijazwe baiskeli za kukanyagia, maana yoga imepungua soko. Mafundi wangekuja kesho yake. Mpira alimwomba asubiri kidogo. Meneja akauliza asubiri nini. Na Mpira, aliyewaambia watu miaka yote kwamba humo hamna mambo ya roho, akaweka chini kitambaa cha vioo akatoka.

Mchana huo alimfuata Dada dukani akamwambia waende jimu. "Sawa," alisema Dada, akaacha sindano katikati ya mshono. Njiani alimfuata nyuma bila kuuliza waendako, na barabara Mpira alimvusha kwa kumshika mkono. Ukumbini alimtandikia mkeka palepale pake, akamlaza chali, akafunga mlango kwa ndani. Upande wa pili vyuma vilikuwa vinagongana na mtu anahesabu kwa sauti.

Mpira alipiga magoti miguuni pa dada yake akasubiri. Hakuwahi kusubiri hivyo tangu aanze kufundisha. Kifua cha Dada kilipanda na kushuka kwa mwendo wake. Doa la kwenye kioo nalo lilikua na kufifia kwa mwendo wake. Havikuwa pamoja. Kifua kikipanda kuvuta pumzi, doa linakua kama la mtu anayeitoa, kama vile watu wawili wamelala bega kwa bega, kila mmoja na ndoto zake.

Meneja aligonga mlango. Akagonga tena, akauliza kuna nini humo. Zamani Mpira angeruka. Sasa alibaki pale, macho kwenye kioo, na moyoni akimwomba Mwalimu msamaha kwa kila kicheko cha kwenye ngazi. Kidogo kidogo doa likaanza kuchelewa. Kifua kikapanda, kikakaa, kikashuka, na doa likatokea wakati huohuo kiliposhuka. Mara moja, kisha tena. Mpira akanyoosha mikono, akamshika Dada vidole gumba vya miguu.

"Dada, rudi."

Ukungu ukafutika. Dada akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetoka majini, akafumbua macho, akakunja uso.

"Toa mikono yako, ina baridi kama maiti. Na hii sakafu umeitandazia mawe? Mgongo wangu mimi." Akajiangalia kidole. "Nani kaniunguza?"

Mpira alicheka, akamwangukia shingoni na kumkumbatia kwa nguvu, anahema kwa furaha na woga uliokuwa unamtoka, shavu limegusana na kioo. Dada alimpigapiga mgongoni, akilalamikia magauni ya watu na mishono mibaya aliyoikumbuka kama ndoto. Kisha akakitazama kioo.

"Mdogo wangu," alisema taratibu. "Unahema hivyo, mdomo karibu na kioo. Mbona hakipati ukungu?"

Mpira akageuka. Kioo kilikuwa safi. Alikipulizia kwa mdomo wazi, kwa nguvu zake zote, na kikabaki safi. Dada akakipulizia kwa kando, doa kubwa likatanda.

Hakulia wakati huo. Alikaa tu, na mambo yakampitia moja baada ya jingine. Jasho lisilotoka. Mikono ambayo mumewe aliiondoa shingoni usiku akisema ina baridi, halafu akaacha kusema. Alivyokuwa hapati usingizi, anajilaza tu na kuamka. Alivyomzika baba mkwe akawa ndiye aliyepanga viti vizuri kuliko wote, na watu wakamsifu kwa ujasiri. Miaka yote ile watu walimsifu. Na hakuna aliyemwambia hayupo.

Waliondoka kupitia mlango wa nyuma. Meneja alikuwa bado anagonga ule wa mbele.

Duka la matairi lilikuwepo, na ngazi zilikuwepo. Dada alizipanda akiguna kila hatua, akiuliza kwa nini vitu vya maana huwekwa juu. Chumbani darasa lilikuwa limefika mwisho, watu wachache wamelala chali. Mwalimu alikuwa amezeeka, miwani ileile, uzi mpya. Na karibu na mlango ulikuwa umetandikwa mkeka uliopauka, pembe zimeliwa na panya, mtupu. Mpira aliujua. Mwanamke aliyelala jirani nao alifumbua jicho moja akamnong'oneza atafute nafasi nyingine, huo una mwenyewe, na Mwalimu huugusa kila siku ingawa hawajawahi kumwona.

"Funga macho wewe," Mwalimu alimwambia mwanamke yule. Kisha akamtazama Mpira, wala hakushangaa. "Viatu nje."

Mpira alivua viatu, akamwacha Dada amekaa kwenye ngazi. Alipojishusha kwenye mkeka, mikono yake ilikutana na kitu kilichomfanya karibu ainuke akimbie. Mkeka ulikuwa na joto. Joto la mtu aliyelala hapo muda mrefu, ambaye hajaondoka. Lakini alijilaza, taratibu, kichwa mahali pa kichwa na visigino mahali pa visigino, akafumba macho.

Alisikia nyayo za Mwalimu zikianzia upande wa dirisha, zinasimama, zinaendelea. "Rudi," kwa mmoja. "Rudi," kwa mwingine. Simu yake ikatetemeka chini ya paja. Alijua ni nani, akaiacha itetemeke mpaka ikanyamaza. Nyayo zikawa zinachelewa, maana magoti ya Mwalimu hayakuwa yale ya zamani, na kila alipochelewa Mpira alishikwa na hofu kwamba bibi huyu ataanguka kabla hajamfikia. Alitaka kuita. Hakuita.

Mikono mikavu ikamshika vidole gumba vya miguu. Neno lenyewe hakulisikia vizuri, maana kabla halijaisha kitu kizito kilimshukia mwili mzima. Kilikuwa uchovu, wa miaka yote kwa mpigo. Wa kusimama kwa mkono, wa misiba aliyoipita akipanga viti, na wa usiku wote aliojilaza bila kulala. Mgongo ukamuuma. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, likateremka likaingia sikioni. Nje kwenye ngazi Dada alikuwa anamlalamikia mtu wa matairi aliyekuwa anapita. Mpira alitaka kuinuka akashindwa, akalia palepale chali. Alikuwa amechoka, amechoka vibaya, na hakuwahi kufurahia kitu kama hicho maishani mwake.