Funga ya Jumatano

Jumatano moja ya ujana wangu hainitoki akilini, mwanangu, ingawa nimeishi Jumatano nyingi tangu hapo katika mji huu wa Sydney. Juzi ulipopita kuniaga kabla ya kuanza chuo, nilikuuliza unaogopa nini, ukacheka tu. Mimi katika umri wako nilikuwa na woga wangu. Niliogopa bakuli la tambi.

Nilikuwa nasomea uhandisi katika chuo cha kule Kensington, humu humu mjini, nikiishi nyumba moja na Wambui, msichana wa Nakuru, Mkristo, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Somo moja lilitutaka tubuni daraja la waendao kwa miguu. Kikundi chetu kilikuwa cha watu wanne: mimi, Wambui, na vijana wawili wa hapa hapa, Liam na rafiki yake. Liam ndiye aliyekuwa kiongozi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mkahawa wa Kijapani wa rameni, zile tambi zao za supu nzito. Ulikuwa mkahawa mdogo, vioo vyake vimejaa mvuke mchana kutwa. Kila Jumatano baada ya darasa, kikundi kiliingia humo. Hapo ndipo palipokuwa ofisi yetu. Kila kazi ya daraja letu iligawanywa juu ya meza ile, watu wakivuta tambi.

Wewe unajua tulivyolelewa sisi watu wa Mombasa. Ukiwekewa chakula hukikagui. Mtoto akiuliza nyumbani kwa watu, "Hiki kimepikwa na nini?", mama yake humfinya paja kimyakimya, maana kuuliza ni kumwambia mwenyeji kwamba huiamini mikono yake. Nilikuwa nimesikia kwamba supu nyingi za namna ile ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa hadi ikawa nyeupe. Ya pale ilikuwa ipi, sikujua. Nimuulize mtu mzima, mbele ya wateja wake, kama sufuria yake ina nguruwe? Niliona ni sawa na kumvua nguo.

Basi siku ya kwanza nikasema, "Leo nimefunga."

Liam aliniomba radhi kwa adabu kabisa. Wiki iliyofuata nikasema vilevile. Wambui, ambaye asubuhi ile nilikuwa nimekunywa naye chai na mkate, alinitazama hadi nikageuza uso. Tuliporudi nyumbani akanikalia kooni.

"Sasa hiyo Ramadhani yako itaisha lini? Hata mwezi wenyewe umechoka kukungoja."

Hakuna aliyenifukuza, na hilo ulielewe vizuri. Waliniheshimu. Liam aliona ni ukatili kula mbele ya mtu mwenye njaa, akaacha kunialika. Kwa heshima hiyo hiyo nikaanza kutoweka. Wambui alijaribu kunitetea, lakini asingeweza kunitetea bila kunifichua, akaacha.

Kazi niliyopewa mwanzoni ilikuwa kukokotoa uzito ambao daraja lingebeba. Siku moja Liam akanisimamisha nje ya maktaba, akaniambia kwa upole kwamba mahesabu yale ameyachukua yeye. Waliamua Jumatano. Mimi nichague picha za kuonyesha siku ya kuwasilisha. Mhadhiri wetu alikuwa na desturi ya kumhoji kila mtu juu ya sehemu yake na kumpa alama zake mwenyewe. Juu ya picha utahojiwa nini? Ningeanguka somo lile, ningelirudia mwaka mzima, na viza yangu ilitegemea nisonge mbele. Nilikuwa narudishwa nyumbani polepole, na watu wema.

Jumapili nikaenda Parramatta, magharibi mwa mji, kwa Bi Rukia. Alikuwa mama wa Tanga aliyetunza wazee katika nyumba ya wazee, na sisi wanafunzi wote alitufanya watoto wake tupende tusipende. Nilimkuta akifungua kopo la tui. Nikamweleza yote, nikitarajia huruma.

Aliweka kopo chini. "Funga ya Jumatatu naijua. Ya Alhamisi naijua. Hii ya Jumatano umeletewa na nani?"

Nikalishika kopo la tui, nikajifanya nasoma maandishi yake.

"Kutokula nguruwe si aibu, mbona unaficha? Umechukua ibada ukaifanya pazia. Na wale watoto wa watu wamekuamini. Wanakuhurumia bure."

"Bi Rukia, naona haya kumuuliza mpishi."

"Haya gani? Ana mwiko mkononi, hana panga." Akarudi kwenye sufuria yake. "Jumatano nakuja."

Nilidhani ni maneno tu. Jumatano ilipofika, nilimkuta ameshakaa ndani ya mkahawa kabla ya kikundi kufika, sare ya kazi ikichungulia chini ya baibui. Nikamsogelea nikitumaini ataniulizia yeye.

"Mimi sisomi madaraja," akasema. "Uliza wewe."

Nikaenda hadi kwenye kaunta. Mpishi alikuwa mwanamume wa makamo, amejifunga kitambaa kichwani. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya paka, akainama kunisikia. Mara ya pili nikauliza kwa nguvu, na mkahawa mzima ukasikia.

Mpishi akanyanyua upawa, akaniashiria sufuria kubwa. "Nguruwe." Akaniashiria ya pili. "Hii kuku. Lakini nyama ya juu ni nguruwe, na upawa ni huu huu." Akafikiri kidogo. "Rameni ya hapa huwezi kula. Pole."

Hakuudhika hata chembe. Alisema kama mtu anayekuambia basi lako limeshapita. Kisha akaongeza kwamba ana maharagwe mabichi ya soya, ambayo huyachemsha katika maganda yake kwa maji na chumvi tu, katika sufuria ya peke yake. Nikaagiza ya watu wawili.

Wenzangu walipoingia, Liam alisimama mlangoni. "Si umefunga?"

"Sikufunga. Sikufunga hata siku moja. Supu ya hapa siwezi kuila, na niliona haya kusema."

Rafiki yake alicheka. Wambui akapiga makofi. "Mwezi umeonekana!"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo na sikutaka kuufunga nusu njia. "Nataka mahesabu yangu," nikasema.

"Nimeshafanya nusu," Liam akajibu.

"Basi nipe nusu iliyobaki. Na hiyo yako nitaikagua hapa hapa, kabla hamjamaliza kula."

Akamtazama Bi Rukia kana kwamba ni mhadhiri aliyetumwa. Bi Rukia alikuwa anamenya maharagwe. "Kumbe mbaazi," akaniambia kwa Kiswahili. "Zimevaa vizuri tu."

Liam hakuridhika, nami simlaumu. "Ukikosea, sote tutaaibika."

"Nikikosea, utaniona nikikosea. Nitakuwa nimekaa hapa."

Akasogeza bakuli lake, akanipisha nafasi mezani.

Nilikaa pale kila Jumatano hadi tulipomaliza, mvuke wa supu nisiyoila ukinipiga usoni, mahesabu mbele yangu. Siku ya kuwasilisha, mhadhiri aliniuliza daraja lingefanya nini umati ukisimama upande mmoja tu. Nilijibu. Sikupata alama za juu kabisa. Liam alinipita, naye alistahili. Lakini nilifaulu, na mwaka uliofuata nilikuwa bado hapa.

Kwa hiyo nakuagiza, mwanangu, na agizo hili usiliweke mbali. Usile usichokula, hilo halina mjadala. Lakini usiondoke mezani kwa ajili yake, maana katika mji huu kazi nyingi hugawanywa watu wakila, na asiyekuwapo hugawiwa kilichobaki. Sema sababu yako yenyewe, siku ya kwanza, kwa sauti ya kusikika, kabla uongo mdogo haujakuzoea ukakuita rafiki. Wakicheka, waache wacheke; wakimaliza, watarudi kwenye mabakuli yao. Wakikuuliza tena wiki ijayo, sema tena, bila hasira na bila kuomba radhi. Na ukishasema, dai kazi yako papo hapo, ukiwa umekaa.

Mola akupe ulimi usioogopa kweli na moyo usiochoka kuirudia. Akulishe halali popote utakapokaa, akuzungushie wenzako watakaokupisha nafasi, akuoneshe siku ya kuhitimu ukiwa na afya, nasi tuwe hai tukushangilie. Amina. Nenda ukasome.